Kanda ya Vijiko Sita

Mwanangu, siku moja ya miaka ile ya vita naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Akina mama uwanja mzima waliinuka mmoja mmoja, wakaiacha filamu yangu ikijisemea peke yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nawe unayeshinda na simu ukitengeneza video za kuwaelimisha watu, kisha unanung'unika kwamba hawatazami hata nusu, keti kidogo. Kilio chako nakijua.

Nilikuwa mpiga video wa harusi pale mjini, mtaa wa Buyenzi. Kamera ilikuwa ya begani, nzito, na upande wa wanawake hapakuwa na mpigaji mwingine ila mimi. Kazi hiyo ina adabu zake: unaanza na wazee, wanafuata wakubwa wa serikali, kisha mashangazi wote kwa mpangilio, maana ukimruka shangazi mmoja jina lako litatajwa mpaka sokoni. Bibi harusi huja mwisho. Niliijua kazi yangu, na kwa kweli nilijiona.

Basi kipindupindu kikaingia katika kambi ya waliokimbia mapigano, kaskazini ya mji, upande wa Kamenge. Nesi wa kambi, jina lake Spesi, akaniomba filamu fupi ya kuwafundisha akina mama kuchanganya maji ya sukari na chumvi, ya kumnywesha mtoto anayeharisha huku akikimbizwa kwa daktari. Watoto walikuwa wanakufa kwa kukaukiwa na maji mwilini, na mama zao wamewapakata.

Nikaitengeneza kama harusi. Mkuu wa kambi alihutubia. Daktari akasalimu watu wote kwa vyeo na heshima zao, padri akafuata, kisha imamu. Habari ya sukari na chumvi ilikuja baada ya dakika ishirini, tena daktari aliisema kwa Kifaransa, amekaa nyuma ya meza. Tukaionyesha mchana, kwa sababu jioni hakuna aliyeruhusiwa kutembea. Televisheni iliwekwa juu ya meza, na nyuma yetu ikanguruma jenereta ya Mzee Rajabu, fundi makanika wa mtaani kwetu. Mstari wa mbele alikaa Mama Divine, mwanamke kijana ambaye binti yake alikuwa hajaanza kutembea. Hotuba ya pili haijaisha, alimfunga mtoto mgongoni akaenda zake foleni ya maji. Wengine wakamfuata. Nilikunja nyaya zangu nikisema watu hawa hawana adabu. Mzee Rajabu akazima jenereta yake.

Siku ya tatu Spesi alinijia. Divine alikuwa ameharisha usiku kucha, na mama yake, aliyekuwa amesikia kwa jirani kwamba dawa ni chumvi, alitia konzi nzima katika maji ya kumnywesha. Nesi aliwahi, mtoto akapona kwa shida. Mama yule hakunilaumu hata kidogo. Nililia kwa aibu, mwanangu, kwa sababu alichokihitaji kilikuwemo ndani ya kanda yangu, nami nilikificha nyuma ya wakubwa.

Nikaenda gereji kumwambia Mzee Rajabu kwamba narudi kwenye harusi zangu. Akafuta mikono oili, taratibu, kidole kwa kidole.

"Weye, mi nilikuwa naketi kwa jenereta. Sikusikia hata neno moja. Niliona tu vinywa vya wakubwa na migongo ya watu inaenda. Umetuonyesha wageni wote, mutoto wangu. Bibi harusi iko wapi?"

Nikasema wakubwa watakasirika wakiwekwa nyuma.

"Wakasirike. Batoto yabo haiko mu kambi. Apana kimbia. Rudia ile kazi, ufanye kitu hata mi wa kwa jenereta nitaelewa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami langu lilikwisha kuvunjika. Nikarudi kambini kumwomba Mama Divine mwenyewe ashike kijiko. Picha ya kwanza ilikuwa yeye na mtoto wake mapajani, akiuliza: "Mutoto anaharisha tangu asubuhi. Nifanye nini?" Kisha mikono yake tu. Chupa ya lita moja, ya mafuta ya kupikia, imeoshwa. Maji yaliyochemka yakapoa. Vijiko sita vidogo, vya chai, vya sukari, akihesabu kwa sauti na kwa vidole. Nusu kijiko cha chumvi. Akaonja, yasizidi chumvi ya machozi. Nilipotaka kuzima kamera akanizuia. "Ngoja, nionyeshe na kosa yangu." Akachota konzi ya chumvi, akaitazama, akaimwaga chini.

Wakubwa niliwaweka mwisho, majina tu.

Tulipoionyesha, kwenye kijiko cha tatu wanawake walikuwa wanahesabu pamoja naye. Kwenye cha sita uwanja wote ulihesabu, na foleni ya maji ilikuwa tupu. Wakataka irudishwe, tukairudisha mara tatu. Nikageuka kumtazama Mzee Rajabu. Kule kwenye kelele zake aliinua vidole sita, akavishusha, kisha akainua kimoja amekikunja nusu. Sijawahi kupewa cheti kizuri kama kile. Tangu siku hiyo, Spesi aliniambia, akina mama walifika kwake na watoto wameshaanza kunywa. Mkuu wa kambi naye alinitafuta, nikadhani amekasirika kuwekwa mwisho, kumbe anataka kanda iende kambi ya pili.

Miaka ikapita, vita vikaisha, Divine akaolewa kule Kinanira. Mzee Rajabu alikuwa ameshatutoka. Wakubwa walijipanga kwenye viti vya mbele wakiisubiri kamera. Nikawapita, nikaanza na bibi harusi. Shangazi mmoja amenuna mpaka leo. Mama Divine, upande wa pili wa ukumbi, aliniinulia vidole sita.

Basi, mwanangu, anza na mwenye shida na swali lake. Onyesha mikono ikifanya kazi, na kosa usilifiche. Zima sauti uitazame kazi yako, na kama huielewi, irudie. Watu wakiinuka usiwatukane. Tazama ni wapi walipoinuka. Mungu akupe jicho la Mzee Rajabu na ujasiri wa Mama Divine, na kila utakachofundisha kimfikie mama wakati mtoto angali anapumua.