Suruali Niliyoivua Langoni kwa Wakwe

Wacha niseme niaibike mara moja yaishe: mimi, mzee wa miaka sitini na saba, nilivua suruali mbele ya mama mkwe wa mwanangu, mchana, langoni kwake, akiwa bado anaimba wimbo wa kutukaribisha.

Chanzo ni pikapu yangu kuukuu. Wiki hiyo zulia la miguuni pangu lilikuwa linalowa ilhali mvua haijanyesha, kwa hiyo nikafungua boneti nikafuata unyevu kwa kidole mpaka nyuma ya injini, ilipo mipira miwili ya hita inayopenya hadi chini ya dashibodi, mmoja unaleta maji moto na mwingine unayarudisha. Ule wa kuleta ulikuwa umepasuka kama kisigino changu. Musyoka, fundi wetu hapa Kawangware, akaubonyeza akatikisa kichwa.

"Mzee, hii yote miwili imeisha. Nitakuletea mingine Jumatatu."

"Jumamosi tunaenda Kibera kumposea kijana wangu Wekesa."

"Basi pandeni gari ya mtu."

Gari ya mtu! Na wakwe nilishawaambia nitakuja na langu? Musyoka alipoondoka nikakata kipande cha mpira wa kijani ambao mke wangu Nafula hujazia wateja mitungi kwenye kibanda chake cha maji (maji ni maji, nilijiambia), nikaufunga mahali pa ule uliopasuka kwa klipu za zamani, nikawasha injini dakika tano, hakuna hata tone, nikajipongeza.

Jumamosi tulifika salama hadi Soweto East, huko huko Kibera, kwenye lango la ghorofa wanakoishi kina Mwende, binti tuliyemfuata, mama yake akiwa mbele ya waimbaji, na hapo nikaongeza ujinga juu ya ujinga, nikakanyaga mafuta ili watu wasikie gari la baba wa bwana harusi likinguruma, na ule mpira, uliokwisha kulainika kwa joto, ukafumuka chini ya dashibodi, maji moto yakanimwagikia mapajani. Sikufikiri. Niliruka nje nikifungua mshipi, suruali ikabaki chini.

Wimbo ulikatika. Mama Mwende alijifunika uso kwa leso aliyojitanda akakimbilia ndani akafunga mlango, maana mkwe haonwi hivyo, kwetu na kwao pia. Kuna posa zimevunjika kwa dogo kuliko hilo. Nafula alikuwa ameinama garini.

"Baba Wekesa, huu si mpira wangu?"

Wekesa aliniangalia kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Nilitaka kuingia chini ya gari, lakini uso ule ukaniamulia: siondoki kabla posa haijazungumzwa. Nikaenda mlangoni na shati na soksi zangu.

"Mama Mwende, kosa ni langu peke yangu. Fundi alinikataza. Huyu kijana hana ubishi wangu, amefuata mamake."

Kisha mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa leso.

"Mfungeni hiyo kwanza. Ndipo tuongee."

Niliposa nimejifunga leso ya maua mekundu, na walikubali.

Jumatatu, injini ikiwa baridi, nilibadilisha mipira yote miwili, Musyoka akinisimamia: nilibeba ya zamani dukani nikalinganisha unene, nikatia klipu mpya, nikajaza rejeta maji, nikaacha injini ipate moto sawasawa kabla sijafungua mdomo kujisifu. Haijavuja hadi leo. Na nimeapa, anayejua kazi akiniambia nisubiri, nitasubiri.

Nafula hajaniamini. Akifunga kibanda, mpira wake mpya anaukunja na kuulaza chini ya kitanda, upande wake.