Kilima cha Udongo cha Fundi Isaiah

"Isaiah amekula simiti ya wenyewe," Zeituni alisema huku akigeuza chapati. "Ndiyo maana ukuta ukaanguka. Ulikuwa mchanga mtupu! Watu wa huko ziwani ndio wamesema, si mimi."

Ayuma alisimama mbele ya jiko, mtoto wake Oliver mgongoni, akingoja chapati za asubuhi. Zeituni, ambaye uzio wake umepakana na wa Fundi Isaiah, hakuwa mtu wa kungoja jibu.

"Na wewe si unamfanyianga kazi? Hujaona magunia yakiingia kwake?"

"Mimi ni udongo tu, Mama Swaleh. Simiti siijui."

"Haya, udongo. Siku moja utanipasulia ukweli."

Ayuma alichukua chapati zake akaondoka. Zeituni alikuwa na habari nyingi, lakini moja hakuwa nayo: aliyeuangusha ule ukuta alikuwa ametoka tu pale jikoni kwake, na chapati mkononi.

Isaiah ni mtu wa Bukura. Baba yake alichimbia watu mabwawa ya samaki, kwa hivyo tope alilizoea kabla ya viatu. Alipokuwa kijana aliwabebea mawe mafundi waliojenga bwawa la kuogelea la hoteli fulani kule Kisumu, akakaa huko miaka kumi na miwili, kisha akarudi Kakamega na kazi ambayo wengi hapa hawakujua kama ni kazi. Mpaka sasa amejenga mabwawa tisa. Kuogelea hajui. Watu wakimcheka huwauliza, "Kwani fundi wa majeneza lazima alale ndani?"

Kuchora pia hajui. Akipata kiwanja, anakitembea bila viatu kutwa nzima, akipanda na kushuka, akiinama kushika nyasi na mawe. Halafu anarudi nyumbani na kukifinyanga kile kiwanja chote kwa udongo, juu ya ubao mpana kama mlango. Yuko mtu mjini ambaye hupima ule udongo na kuutia kwenye karatasi. Lakini vidole vya Isaiah ni vinene, vimezoea mawe, na udongo wake ulikuwa ukipasuka kila mara. Ndipo akasikia kuwa mke wa jirani amezaliwa Ilesi, kwa wanawake wafinyanzi. Akaja na kofia mkononi. Tangu siku hiyo Ayuma ndiye anayemalizia: kunyoosha kingo, kukata vingazi vidogo, kufunika kazi kwa magunia yenye unyevu ili ikauke polepole. Aliipenda kazi ile. Oliver alilala kwenye mkeka, naye mamake akawatengenezea mabwawa watu ambao hangewahi kuwaona.

Mwezi wa kwanza kulikuja kazi ya Madam Adhiambo, mwalimu mstaafu mwenye kiwanja kando ya ziwa, mbele ya Kisumu. Mteremko wenyewe ni mkali hata mbuzi huushuka kwa kufikiria. Madam alitaka bwawa refu ambalo, ukisimama ndani yake, maji yake na ya ziwa yaonekane kama yameshikana. Kando yake alitaka lingine dogo la maji ya moto, kwa ajili ya magoti yake. Nusu ya bwawa ingekatwa ndani ya kilima, nusu ining'inie juu ya nguzo. Isaiah alifinyanga siku mbili akiimba. "Hapa tutakata, Mama Oliver. Hapa tutaegemeza. Huyu mama ataogelea kama bata!"

Alasiri ya siku ya pili simu ikalia. Ndugu yake wa Kabras amefariki. Isaiah alinawa mikono nusu nusu, tope likabaki kwenye kucha. Alisema neno moja tu: "Nimalizie."

Kesho yake Ayuma alifunua magunia. Begani mwa kilima, kutoka juu hadi kwenye ukuta wa nyuma wa bwawa, aliona mstari mwembamba uliopindapinda. Kwa mtu wa Ilesi, mstari kama ule kwenye udongo mbichi ni ufa, na mamake alikuwa akimpiga vidole kila alipoacha ufa uingie motoni. Alilowesha kidole akauziba. Akachukua kijiwe chake laini akasugua mpaka bega lote likang'aa. Aliporudi nyumbani jioni hiyo alikuwa na furaha, kama mtu aliyemfichia mzee aibu.

Isaiah alirudi baada ya wiki tatu, amekonda. Alipitisha kiganja juu ya lile bega. "Kazi safi," akasema. Michoro ikachorwa, kilima kikakatwa, ukuta ukapanda.

Mwezi wa nne mvua ikaja. Maji yalishuka kwa njia yao, yakajikusanya nyuma ya ukuta pamoja na tope, yakasukuma. Alfajiri moja ukuta ulilalia ndani ya bwawa tupu, na lile bwawa dogo la magoti likateleza likaingia ziwani. Hakuna aliyeumia.

Isaiah alipotoka kuangalia hasara hiyo, alimsimulia Ayuma akiwa ameinamisha kichwa. "Ile njia ya maji niliiona, Mama Oliver. Mawe yameoshwa, nyasi zimelalia upande mmoja. Niliikanyaga na mguu huu. Nilitaka tuchimbe mtaro pale juu, maji yazunguke. Nilikuwa na hakika nimeiweka kwenye udongo. Nimeangalia, haiko."

Ayuma alifungua mdomo. Oliver akalia, na yeye akamshukuru Mungu kwa kile kilio, akatoka naye nje. Hiyo ilikuwa siku nane zilizopita. Tangu hapo hakushika udongo. Akimwogesha mtoto kwenye karai, aliyatazama maji yakishuka katikati ya mgongo ule mdogo, yakifuata njia yao bila kuuliza mtu, na mkono wake ukasimama.

Asubuhi hii, kutoka kwa Zeituni, hakufika nyumbani. Alikata kona akaingia kwa Isaiah.

"Hodi, Fundi."

"Karibu." Isaiah alikuwa barazani akifunga vyombo vyake ndani ya gunia. "Afadhali umekuja. Hii paipu ya kupimia usawa mpelekee mume wako, atamwagilia sukuma."

"Kwa nini tena?"

"Alhamisi naenda kwa Madam. Nitamwambia atafute fundi mwingine, mimi nimefika mwisho. Kichwa kikianza kupoteza njia za maji, mwenye kichwa akae nyumbani. Sasa ukuta umeangukia bwawa tupu. Siku nyingine utaangukia watoto."

"Huko nje wanasema umekula simiti."

Isaiah alicheka kidogo. "Hiyo ni nafuu. Mwizi bado ana akili zake."

Chapati zilikuwa zimepoa. Ayuma aliziweka chini.

"Mstari ulikuwepo," akasema.

"Mstari gani?"

"Kwenye udongo. Uliuweka, Fundi. Mimi niliuziba. Nilidhani ni ufa."

Isaiah aliingia ndani, akatoka akiburuta ule ubao, kilima kikiwa juu yake kimekauka na kung'aa. "Nionyeshe."

Ayuma alipiga magoti na mtoto mgongoni. Kidole chake kilianzia juu, kikashuka, kikapinda kushoto mara moja, kikapinda tena, kikaishia penye ukuta. Hakukosea hata kidogo. Kwa siku nane alikuwa akiuona hata akifumba macho.

"Ndiyo," Isaiah alisema polepole. "Hapo penye kona kuna jiwe jeupe." Akaketi kwenye ngazi ya baraza. "Kwa hivyo niliuweka."

"Uliuweka."

"Siku nane, Mama Oliver. Siku nane nimekuwa nikiamka na kujiuliza jina la ndugu yangu, nione kama bado nalikumbuka."

Ayuma alilia hapo, bila sauti. Isaiah hakumwambia nyamaza. Alipapasa bega la kilima kwa kiganja chake, mara mbili, tatu.

"Na mimi nilipita hapa na mkono nikasifu," akasema. "Ningepaswa kuuliza. Mlima haukosi mkunjo. Niliona umekuwa mzuri, nikanyamaza."

Ng'ambo ya uzio Zeituni alikuwa akimwita mtu kwa sauti, chapati za moto, chapati za moto.

"Bado utaenda Alhamisi?" Ayuma aliuliza.

"Nitaenda. Lakini si kuaga tena. Nitasema yangu." Isaiah aliinua macho. "Nataka uje na mimi. Umwambie Madam vile umeniambia, kwa mdomo wako. Usijitetee, na mimi pia usinitetee."

"Atatufukuza sisi wote."

"Labda. Lakini atufukuze akijua." Aliichukua tena ile paipu aliyotaka kuigawa, akaiweka magotini. "Uje, Mama Oliver. Nakuomba."