Nilisema Gari Bovu, Nalo Lilikuwa Zima

Mhariri, jina langu lifiche, na la kijiji chetu pia; ya wengine nimeyageuza. Ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu. Kiswahili nimefundishwa na mama, mwenyeji wa hapa aliyekulia Unguja, na gazeti hili tunaletewa na mabaharia wanaofika Mutsamudu, bandari ya kisiwa chetu. Mimi si msemaji. Darasani nikiitwa mbele nilikuwa natetemeka. Lakini nina hasira, na nisipoitoa itaniua.

Wazazi wangu wana hoteli ndogo ya vyumba kumi na kimoja, milimani juu ya mji. Watu wa kijijini ndio wanaofanya kazi pale, na mpishi ni Bi Zaliha, aliyenilea mgongoni. Kila Ijumaa sufuria kubwa la wali na nyama hupelekwa kwa watoto wa chuo cha Kurani. Mgonjwa akizidiwa, gari letu humteremsha hospitali ya Hombo, chini mjini, saa yoyote. Baba husifiwa msikitini kwa hayo, na anapenda kusifiwa.

Tangu wazungu mamluki waishike nchi, vyumba sita ni vyao. Huja kupumzika, hulewa, huwaita wafanyakazi kwa mluzi kama mbwa. Baba yangu, ambaye nyumbani akikohoa sote tunanyamaza, kwao hutabasamu mpaka taya zinamuuma.

Mwezi wa Shaabani, baada ya alasiri, Moinaesha, binti wa Bi Zaliha, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Bi Zaliha alikuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, akaomba gari. Gari lilikuwa zima, limesimama nyuma ya nyumba. Ila ufunguo alikuwa nao mkubwa wa wale wazungu. Alitaka kwenda ufukweni jioni, na wakati ule amelala.

Baba alinivuta ofisini. "Nenda kamwambie Bi Zaliha gari bovu."

"Baba, si tumwamshe mzungu tu?"

"Kamwamshe wewe basi, shujaa!" Kisha akanishika kidevu. "Wewe huna mazoea ya kusema uongo. Ukisema wewe, ataamini."

Nikaenda. Nikasema.

"Bovu tangu lini, mwanangu?" Bi Zaliha akaniuliza.

"Tangu asubuhi."

Aliniamini, akakimbilia kijijini. Wanaume wakamlaza Moinaesha kitandani, wakakibeba kitanda mabegani, wakateremka naye mlima mzima mpaka Hombo. Yeye alipona. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa. Baada ya magharibi yule mzungu aliwasha gari akaenda kuogelea, na baba akawaambia wafanyakazi kuwa fundi amelitengeneza.

Kesho yake baba alipeleka mbuzi na gunia la mchele kwa wafiwa. Nilikuwepo. Bi Zaliha alimshika mikono yote miwili, akalia, akasema, "Mungu akuzidishie, baba wa maskini." Na baba akaitika amina! Tangu siku ile nikimwona anagawa wali wa Ijumaa natamani kuumwaga. Sadaka gani hiyo? Ni kitambaa cha kufunikia uoza.

Sasa wale wazungu wanaitaka nyumba nzima, iwe yao peke yao. Lakini kwetu visiwani nyumba ni ya binti. Hoteli imejengwa kwenye kiwanja cha bibi mzaa mama, na nilipokuwa mdogo baba aliitamka mbele ya wazee kuwa ni yangu, ili ndugu zake wasije wakaidai. Ujanja wake umemrudia. Bila mimi kukubali kwa mdomo wangu mbele ya kadhi, hawezi kuitoa. Kikao ni baada ya miezi mitatu.

Nilisafiri mpaka Moroni, kisiwa kingine, kwa mama mdogo anayekaa mtaa wa Badjanani, nimuulize. Nyumba tu nilipoitaja, akapandisha mabega: "Ni yako! Mwanamume kwetu ni mgeni wa mkewe. Baba yako akileta kiburi, mwonyeshe mlango." Nilipotaja wazungu, akanisogezea sahani. "Hao mwenzao mmoja anakaa mtaa wa pili. Kula, mwanangu, samaki anapoa." Huyo ndiye jasiri wa ukoo wetu.

Mama ndiye ameniudhi zaidi. Anaujua ukweli wote. "Utamvua baba yako nguo mbele ya watu?" ananiambia. "Na hoteli ikifungwa, Bi Zaliha atakula nini? Huruma yako hiyo itamlisha?"

Wasomaji, msinipe maneno ya subira. Nyumba yangu siitoi, hilo nimekwisha amua. Lakini kadhi ataniuliza kwa nini namkaidi baba, na sababu yangu ni ile siku ya gari. Ndugu wa Bi Zaliha ni mmoja wa wazee watakaokuwa wamekaa pale. Nikinyamaza, nitaonekana mtoto mtovu wa adabu, na baba atabaki baba wa maskini. Nikisema, kila mtu atajua kwamba uongo ulitoka kinywani mwangu, si mwake.

Bi Zaliha bado ananiita mwanangu. Niambieni nyinyi mnaojua kusema: nimwache asikie ukweli kikaoni pamoja na watu wote, au nimfuate jikoni kabla ya siku hiyo, nimwambie mimi mwenyewe, uso kwa uso? Na nikifika pale mlangoni, nianze na neno gani?