Kanda ya Kifuniko na Bi Mwiko

Jitu zima lenye ndevu lilikaa kwenye kochi langu likalia kwa sababu ya kikaragosi cha soksi.

Sitanii. Kwikwi kabisa. Wanangu wakachungulia mlangoni, nikawafukuza kwa macho.

Ngoja niwaambie kilichomliza yeye, halafu kilichokuja kuniliza mimi.

Mliokua na televisheni za chogo mnawakumbuka Kifuniko na Bi Mwiko. Kipindi cha watoto, vikaragosi vya jikoni, Jumamosi asubuhi. Mtaa mzima kimya.

Kituo chenyewe kilikuwa kinabana matumizi, kinarekodi vipindi vipya juu ya vya zamani. Vipande vingi vikapotea hivyo.

Sasa watoto wa enzi ile ni watu wazima wenye vitambi. Wana kundi lao mtandaoni, kazi yao kusaka vipande vilivyopotea. Walichokisaka kuliko vyote ni kile ambamo Kifuniko anamposa Bi Mwiko, maneno yanamwishia, anaanza kumhesabia vijiko.

Nikaandika chini ya chapisho lao, kama utani: "Hicho ninacho. Sauti tu."

Simu ilivyoanza kuita, utadhani nimetangaza mnada.

Aliyekuja ni fundi simu, ndiye huyo mwenye ndevu. Nilipomwekea kanda mkononi, machozi hayo.

"Samahani, dada. Nimeitafuta hii mpaka mke wangu akadhani nina mwanamke."

Nikamweleza ilivyokuwa. Nyumbani hatukuwa na mashine ya video. Nilikuwa naweka redio kaseti mbele ya televisheni, nabonyeza, wote tunafunga midomo. Au tunajaribu. Ndiyo maana kwenye kanda tumo na sisi: mlango, viti, mimi na mdogo wangu.

Mdogo wangu tulimwita Kinda. Kifua kilimsumbua tangu anazaliwa. Hakufika darasa la pili.

Picha zake tunazo. Sauti yake haipo popote duniani ila humo. Na kanda ilikaa kabatini kwa Mama miaka yote, hakuna aliyethubutu kuicheza, utepe ulikuwa umeanza kubanduka.

Mwaka huu Mama aliniambia, anachambua mboga, hata hakuinua macho: "Sura yake ninayo. Sauti ndiyo inanitoka. Naitafuta, siipati."

Hapo ndipo nilipoamua kuitoa.

"Utepe umechoka, dada," fundi akasema. "Utapita kwenye mashine mara moja tu. Nitanakili kwenye kompyuta, halafu nisafishe makelele."

"Sikiliza, kaka. Humo kuna mtoto anacheka. Ni marehemu mdogo wangu. Ukikigusa hicho kicheko, nitakufuata kibandani kwako na mwiko wa kweli."

Akacheka, machozi bado ndevuni. "Sikigusi. Haki ya Mungu."

Na hakukigusa.

Alipokiweka kipande mtandaoni, kundi likalipuka. Watu wazima wanaandika kwamba wanalia ofisini. Mmoja akasema, "Huyo mtoto anayecheka ananimaliza!"

Mimi nilikisikilizia kazini, stoo ya dawa, mlango nimeufunga. Kicheko kirefu, cheupe, kimetangulia mbele ya kikaragosi. Nikakaa juu ya katoni. Nikasema, karibu, Kinda.

Jumapili nikampelekea Mama. Nikamwekea simu sikioni, mwenyewe najiandaa kumshika akianguka.

Alisikiliza mpaka mwisho. Uso haukusogea.

"Huyu ni wewe," akasema.

"Nani?"

"Anayecheka. Mpaka leo unacheka hivyo, kama mlango uliokosa mafuta. Mwenzio yuko wapi?"

"Mama, huyo ni Kinda. Alivyokuwa anapenda kucheka..."

"Pumzi ya kucheka angeitoa wapi?"

Nikaishusha simu.

"Mwanangu alikuwa akifurahi, anakohoa. Ukisikia anakohoa mfululizo, ujue kichekesho kimemkolea. Ndicho kicheko chake hicho. Kiko wapi kikohozi?"

Nilikuwa mtoto, jamani. Kichwani mwangu nilimkumbuka anacheka, kwa sababu tulicheka pamoja. Sikuwahi kujiuliza kicheko chake kilitoa sauti gani.

Nikampigia fundi, sauti ya simu nikaifungulia ili Mama naye asikie.

"Kikohozi?" Alijibu kwa fahari. "Dada, kilinitesa! Kilikuwa kila mahali. Nimekitoa kimoja kimoja, sasa hivi husikii hata..."

Nikamkatiza.

"Nakala chafu unayo?" nikauliza.

"Nilisafisha hiyo hiyo, dada. Na utepe ulikatikia ndani ya mashine. Kwani vipi? Nimekosea?"

Hakukosea. Alifanya nilichomwagiza.

Mama akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Baba," alimwambia, taratibu kabisa, "hukubakiza hata kimoja?"

"Kimoja kilinishinda, mama. Kiko chini ya sauti ya Kifuniko, pale anaposema kijiko cha mwisho. Kukitoa, utani unakatika."

"Basi usikitoe," Mama akasema. "Kiache hapo hapo."

Nikamtafutia mahali penyewe. Mimi, niwaambie ukweli, sikusikia kitu. Nilisikia kikaragosi kinataja kijiko, basi.

Mama akafumba macho.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena."

Kama una sauti ya mtu wako kwenye kanda, kaa kwanza na yule aliyemzaa au aliyemlea, muulize alikuwa anasikikaje. Dai nakala chafu kabla ya safi. Mimi nilijiona najua, nikaagiza kwa sauti ya mwenye uhakika, na nikatiiwa.