Besi ya Mzee Luhende

Consolatha hakuomba studio. Alipewa na baba mkwe wake, na hapo ndipo kesi ilipoanzia.

Ilikuwa stoo ya mahindi na madumu ya asali, nyuma ya nyumba ya Mzee Luhende pale Kanyenye. Mzee alipomwona mkamwana wake anarekodi kwaya sebuleni huku watoto wanapiga kelele, alihamisha magunia yake yote, akapigilia magodoro ukutani kwa mikono yake mwenyewe, akamkabidhi ufunguo. "Fanya kazi ya Mungu, mwanangu," alimwambia. Haya, niambie wewe, mtu kama huyo unaanzaje kumwambia kwamba anaimba nje ya sauti?

Na alikuwa anaimba nje ya sauti, jamani, tena si kidogo. Mzee ni mmoja wa walioanzisha kwaya ya kigango, na besi ndiyo maisha yake. Lakini masikio yalikuwa yameanza kuchoka, akawa anapanda wenzake wakishuka, anashuka wenzake wakiwa wametulia. Watu hawakujua kwa sababu kwaya ile ilizoea kurekodi kwa maikrofoni moja tu, wote wameizunguka kama waota moto, na Mzee siku zote alisimama ubavuni kwa Benjamini, fundi wa kuchomelea mageti mwenye kifua cha kutisha. Benjamini akifungua kinywa, jirani yake hasikiki.

Kilichoharibu mambo ni jubilei ya kigango. Mwalimu wa kwaya, Xavery, alisema safari hii wimbo upigwe redioni, kwa hiyo lazima uende kwa fundi hasa wa kumiksi na kumasta, yaani kuzichanganya sauti na kuupiga wimbo msasa wa mwisho, yule Raymundi wa Mwanza. Raymundi akatuma masharti yake kwa sauti kwenye simu, akiongea kama daktari anayeandika dawa. Kila mwimbaji arekodiwe peke yake, faili lake peke yake. Mafaili yote yaanze pamoja, hata la mtu anayeingia katikati ya wimbo. Msiweke mwangwi, huo nitauweka mwenyewe. Msirekodi kwa sauti kubwa ikapasuka. Na kila faili liandikwe jina la mwenye sauti.

Peke yake! Watu ambao hawajawahi kuimba peke yao hata bafuni. Dada mmoja wa sauti ya kwanza alicheka mpaka akatolewa nje akanywe maji. Mama mmoja wa sauti ya pili iligundulika ubeti wa tatu haujui kabisa, miaka yote alikuwa anaguna tu. Consolatha alicheka nao, mpaka zamu ya Mzee ilipofika.

Mzee alikuja amevaa suti. Alivaa hedifoni juu ya mvi zake, akafumba macho, akaimba mwanzo mpaka mwisho kwa moyo wake wote. Consolatha kwenye kompyuta alisikia kila noti inavyopotea. Ubeti wa tatu ndio ulikuwa balaa, maana pale kwaya nzima inashusha sauti na besi ndiyo inayobaki kusikika.

"Vipi, mwanangu?" Mzee aliuliza.

"Ni nzuri, baba."

Ndiyo hivyo tu, akawa amejifungia mlango mwenyewe. Lakini angesema nini? Kwao mkamwana akimsalimia baba mkwe anapiga goti, kiti chake hakalii, jina lake halitaji ovyo. Leo aanze kumkosoa sauti?

Alimpigia mumewe, Wenceslaus, aliyekuwa njiani na lori kuelekea Kigoma. "Mwambie wewe, ni baba yako."

Wenceslaus alicheka mpaka akakohoa. "Thubutu! Mimi nimwambie Mzee? Si ni wewe mwenye studio?"

Consolatha akaenda kwa Mwalimu Xavery. Xavery alisikiliza nusu ubeti, akavua kofia. "Mungu wangu," alisema. Consolatha akamsihi aseme yeye, ndiye mwalimu. "Huyu ndiye aliyenifundisha mimi kuimba, Consolatha. Nitamwangalia na macho gani? Wewe ndiye mtu wa mitambo, tafuta namna." Akavaa kofia, akaondoka. Wanaume hawa, we acha tu!

Alijaribu kuinyoosha ile sauti kwa kompyuta. Mzee akatoka kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Alifikiria kuliacha faili lake lisiende kabisa, lakini siku ile ile, wakati wa chakula, Mzee alisema mbele ya wajukuu, "Mimi ni wa kuondoka tu. Nataka siku moja hawa wawashe redio, wanisikie." Consolatha alilirudisha tonge sahanini.

Basi akamwita Benjamini. Akamwimbisha wimbo wote upya, safari hii kwa namna ya Mzee, anavyovuta mwisho wa maneno na anavyokwaruza kidogo akishuka. Benjamini alijua kumwiga vizuri mno. Alipomaliza alijifuta jasho, akasema, "Dhambi hii tugawane, dada. Nusu yako, nusu yangu." Consolatha akaliandika lile faili Besi ya Mzee Luhende, akalituma Mwanza pamoja na mengine, na chini yake akaongeza ombi kwa fundi: besi ya Mzee iwekwe chini kidogo, isisikike sana.

Raymundi alijibu kazi ikiwa imekwisha. "Dada, hapo sijakusikiliza. Una mzee mwenye sauti kama ile halafu unataka nimfiche? Nimempandisha! Ubeti wa tatu nimemwachia uwanja wote. Nimeshamasta, na Mwalimu wenu nimeshamtumia."

Consolatha aliandika ombi la kurudia, akalifuta. Akaandika tena, akafuta. Angetoa sababu gani? Na kabla hajapata ya kusema, Xavery alikuwa ameshaurusha wimbo kwenye kundi la kwaya.

Jumapili baada ya misa waliusikiliza pamoja, kwenye spika kubwa ya ukumbini. Ulikuwa mzuri, tusidanganyane. Ubeti wa tatu ulipofika, Mzee aliweka kiganja sikioni, akainama. Benjamini alikuwa anavitazama viatu vyake. Kwaya nzima iliitambua sauti ile kuwa ni ya Benjamini.

Wimbo ulipokwisha, Mzee alikuwa analia.

"Nitawaambia kitu," alisema. "Kuna siku nikiimba najisikia mwenyewe, nashtuka. Nasema Luhende, basi, umechakaa, kaa na wazee wenzako. Nilikuwa nimeshaamua. Jubilei ikipita, naacha kwaya kwa heshima, kabla hamjaanza kunionea aibu." Akapangusa macho. "Kumbe ni masikio tu ndiyo mabaya! Sauti bado ipo."

Consolatha alitamani ardhi ipasuke. Kumbe Mzee alikuwa anaacha mwenyewe. Mwenyewe! Angeliacha lile faili kama lilivyo, mzee angejisikia, angejua, angeondoka na heshima yake.

"Mwalimu," Mzee akaendelea, "mkesha wa Pasaka, ule wimbo mrefu wa mwanzo, wa mtu mmoja, kanisa liko gizani na mishumaa. Mwaka huu niachie mimi."

Wimbo ule hauna kinanda wala wa kukusindikiza, na kanisa siku hiyo linajaa mpaka nje. Xavery akamgeukia Consolatha. Kwaya nzima ikamgeukia Consolatha.

"Sawa, Mzee," Xavery alisema mwishowe.

"Na huyu mwanangu atanifanyisha mazoezi kila jioni kule studio mpaka Pasaka. Yeye ndiye anaijua sauti yangu. Au siyo, mwanangu?"

Consolatha alipiga goti pale pale kwenye saruji. "Ndiyo, baba."

Jioni Consolatha alimkuta Mzee ameshafika studio, amevaa suti yake, amesimama mbele ya maikrofoni. Mzee akaurudishia mlango nyuma yao ili watoto wasiwasumbue, akafumba macho, akaanza kuimba.