Hereni Ndani ya Soksi

Darlene Pytel alijua kusoma bendera kabla hajajua kusoma kitabu. Akiwa na miaka mitano alikuwa akipanda treni ya jioni na mama yake, Stefania, wakitoka katikati ya Chicago ambako Stefania alifua mashuka ya hoteli. Wakikaribia kituo cha Addison, mama alimwinua hadi dirishani. Juu ya uwanja wa besiboli, mchezo ukiisha, hupandishwa bendera ili hata abiria wa treni wajue yaliyotokea: nyeupe, tumeshinda, ya bluu, tumefungwa. Kazi ya mtoto ilikuwa kutazama na kutaja rangi, kwa sababu mama hakuwa na ujasiri wa kutazama mwenyewe.

Ikiwa nyeupe, walipitia dukani kununua maandazi ya jemu. Ikiwa ya bluu, Stefania alivua hereni zake, moja kisha nyingine, akazitia kiganjani mwa Darlene, na Darlene akazisukumia ndani ya soksi yake. Sikio la kushoto la mama lilikwisha kuchanika mara moja, na hereni ile ilitafutwa siku mbili, ikaja kuonekana chini ya jiko.

Maana Casimir, baba yake Darlene, alikuwa mtu wa namna hiyo. Kanisani alipitisha kikapu cha sadaka, kwenye baa aliwavunja watu mbavu kwa vichekesho, kiwandani hakugombana hata na inzi. Lakini timu ikifungwa, alirudi nyumbani anatafuta wa kummalizia hasira. Na timu yenyewe, jamani, ilikuwa timu ya kufungwa. Bluu leo, bluu kesho, bluu mtondo. Mtaa mzima ulifanyia mzaha ubovu wa timu ile, na Stefania alicheka nao huku ameuvuta mkono wa blauzi ufunike alama.

Siku moja ya Agosti, Darlene ana miaka kumi na sita, aliingia jikoni akakuta baba amemkandamiza mama kwenye jokofu, anamgonga kichwa mlangoni, polepole, kama mtu anayepigilia msumari asitake kuupinda. Darlene alitwaa kikaango cha chuma akamshushia begani. Mfupa ulilia. Casimir aliketi sakafuni akalia kama mtoto mchanga, na tangu hapo hakuinua mkono tena. Ila sikio la kushoto la Stefania halikusikia kitu mpaka siku anazikwa. Darlene hakujisamehe. Kumpiga baba hakukumsumbua hata kidogo; kilichomsumbua ni kwamba alichelewa.

Aliingia kazi katika bucha la soseji la mtaani kwao, akachinja na kupasua nguruwe miaka thelathini na miwili, mpaka mikono yake ikajua kila kiungo kinaachia wapi. Aliolewa na dereva mpole wa lori la maziwa, wakapata mtoto mmoja, Curt, kisha mume akafa kwa ugonjwa wa moyo. Wazee wa mtaa, ambao midomo yao haina kufuli, walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na damu ya Casimir itatokeza tu. Darlene aliapa kuwaaibisha. Curt hakuchapwa hata kofi. Kila mwaka alimpeleka uwanjani kwa treni ileile, ili mpira uwe mpira na bendera iwe kitambaa. Aliapa kwamba hakuna mtoto wa ukoo wake atakayeisoma tena bendera ile kwa hofu. Kwa kiapo hicho aliishi, na kwa hicho alijihesabu kuwa mwanamke aliyefanikiwa.

Sasa Curt ana miaka thelathini na sita. Mkewe ni Janelle, na binti yao Paige ana saba. Jumapili moja ya Julai, saa sita mchana, walipanda treni wote wanne kwenda kuangalia mpira, na behewa lilikuwa limejaa mashabiki hadi mlangoni.

"Leo mtalia nyinyi," alisema jamaa mmoja aliyevaa jezi nyekundu ya wageni. "Natumaini mmekuja na mataulo."

"Taulo utalihitaji wewe," Curt alijibu, na watu wakacheka.

"Mbele ya timu yenu hata huyu bibi anaweza kurusha, na hawataugusa mpira."

"Nikikurushia mimi, mwanangu, utaona nyota mchana," Darlene alisema, na kicheko kikazidi.

Curt peke yake aliacha kucheka. Alimkamata yule jamaa ukosi, akamsukuma mlangoni, akamgonga kisogo kwenye kioo. Mara moja. Mara ya pili, polepole. "Rudia ulichosema kuhusu mama yangu."

"Utani tu, kaka. Mama mwenyewe kanijibu."

"Curt, mwachie," Darlene alisema.

Akamwachia, akamnyoosha ukosi, akampigapiga shavuni. "Namtania tu, Mama. Siku hizi huwezi hata kutania?"

Ile *polepole* Darlene aliijua. Lakini mzazi ana macho mawili, na akitaka anaweza kuyafumba yote. Janelle alikuwa anatazama viatu vyake. Paige alikuwa amejibanza nyuma ya begi la mama yake, na Darlene akajiambia mtoto ameona joto tu.

Uwanjani walikula soseji na karanga, jua likawachoma, na mpaka awamu ya tisa, ya mwisho, timu yao ilikuwa mbele kwa pointi moja. Curt alikuwa kwenye bia ya sita. Kisha mpigaji wa wageni akaupeleka mpira mpaka ukutani, wakimbiaji wawili wakaingia, na zamu ya timu yao haikurudisha kitu. Mtu mmoja safu ya nyuma alipiga makofi. Hata jezi ya wageni hakuwa ameivaa. Labda alifurahia pigo zuri, labda alikuwa mjinga tu. Curt aligeuka, akamtwanga kichwa cha uso. Pua ilivunjika kwa sauti ya mtu kukanyaga ganda la yai. Damu ilidondokea kwenye mfuko wa karanga wa Paige, na mtoto akaendelea kuushika vilevile, hakuutupa, hakulia.

"Twendeni," Darlene alisema, akawasukuma kwenye ngazi kabla askari wa uwanja hawajafika. Bia hiyo, alijiambia. Ni bia.

Kwenye jukwaa la treni watu walikuwa wamebanana. Curt alitangulia mbele, anapumua kwa pua, anajifuta paji la uso. Ndipo Paige akasimama kwa ncha za vidole na kutazama juu ya uwanja. Hakuna aliyemwuliza kitu.

"Ya bluu, Mama," alisema, kwa sauti ya chini.

Janelle hakuinua macho. Alipeleka mkono sikioni akavua hereni, akavua na ya pili, akazishusha kiganjani mwa mtoto. Paige aliinama, akavuta soksi yake, akazisukumia ndani.

Darlene alishika nguzo. Habari ya soksi hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe. Hakuna aliyewafundisha hawa wawili. Walijifunza wenyewe, nyumbani kwa mwanawe, wakati yeye anajisifu. Alimchukia Casimir kaburini, akamchukia Curt, na zaidi ya wote akajichukia yeye mwenye macho ya kufumba.

Treni ilikuja. Walipata viti viwili. Janelle akaketi na mtoto, Curt akasimama juu yao.

"Janelle," Darlene alisema, "wewe na Paige mnalala kwangu leo."

Janelle alimtazama mumewe kwanza.

"Hawaendi popote," Curt alisema.

"Sijakuuliza wewe. Janelle, mkwe wangu, anakupiga tangu lini?"

"Mama, nyamaza. Watu wanasikia," Curt alisema.

"Wasikie. Tangu lini?"

Janelle akasema, "Tangu Paige ananyonya."

Curt alimkamata mkewe nywele za kisogoni, akamgonga kichwa dirishani. "Umesema nini?" Akamvuta ili amgonge tena. Abiria walirudi nyuma. Mwingine alitoa simu, si kupiga, kupiga picha. Paige alikunja mguu na kuifunika soksi kwa mikono miwili.

Darlene hakupaza sauti. Alikishika kile kidole gumba kilichokuwa nyweleni, akakitafuta pale kinapoachia, akakipinda. Kiliachia. Curt alipiga yowe, akamrushia mama yake ngumi ya mkono wa kushoto, ikampata mdomoni. Jino lilitoka. Darlene alilimeza pamoja na damu na hakukiachia kidole. Alikizungusha, Curt akapiga magoti katikati ya behewa. Akakizungusha tena, na mara hiyo hapakuwa na haja.

"Mimi ni mwanao, Mama," Curt alisema, machozi yanamtoka. "Mimi ni mwanao."

"Najua. Ndiyo maana nimechelewa."

Milango ilifunguka kituo cha Sheridan. Alimsukuma nje kwa bega, kama alivyozoea kusukuma nusu ya nguruwe kwenye ndoano, Curt akaanguka ubavu kwenye jukwaa. Milango ikafungwa. Aliinuka akapiga kioo kwa mkono mzima, usoni mwake Casimir mtupu, Casimir yule wa sakafuni. Na Darlene alimpenda hata hapo, hilo lisifichwe. Alitamani kushuka akamfunge kile kidole kwa leso. Hakushuka. Treni iliondoka. Abiria wa kando walikuwa wamekimbia viti vyao, naye akaketi pembeni ya Paige.

"Polisi nitawapigia mimi," alimwambia Janelle, akitema damu kwenye leso. "Wewe usiwe wa kuwapigia."

Janelle aliinamisha kichwa kukubali. Nyuma ya kichwa chake kioo kilikuwa na alama ya unyevu pale alipogongwa.

"Bibi," Paige akauliza, "nimrudishie sasa, au mpaka asubuhi?"

"Mrudishie sasa."

Paige alizitoa hereni kwenye soksi, akazifuta kwenye gauni lake. Janelle alikosa tundu mara mbili, basi mtoto akamvalisha yeye, moja kisha nyingine. Alipomaliza aliitazama mikono ya bibi yake, damu ya mdomo wake iliyodondokea vifundoni, akaitazama muda mrefu. Kisha akahama polepole, akaenda kuketi upande wa pili wa mama yake.

Darlene aliona. Aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia mpaka walipofika.