Teke Nililoupiga Mtungi wa Mama Nakiru

Nakumbuka siku moja ya miaka ya tisini, mwanangu, na kila nikiikumbuka nakasirika upya.

Nilikuwa kijana wa Lodwar, nimemaliza shule juzi tu, na kuigiza nilijifunzia huko huko shuleni. Wakaja watu wa televisheni kutoka Nairobi kutengeneza filamu ya wezi wa mifugo. Wakanichagua niwe mwizi mkuu. Kichwa kikanivimba! Nilitembea kama mji wote ni wangu.

Tulipofika Kakuma kupiga picha tulimkuta Mama Nakiru, mjane mzee, akitoka mtoni. Mto ulikuwa mkavu. Alikuwa amechimba mchanga tangu alfajiri kupata mtungi mmoja wa maji. "Ejok," nikamsalimu, naye akaitikia akicheka. Mwelekezi wa filamu akamwomba apite tu mbele ya kamera. Kisha akanivuta kando.

"Akikukaribia, upige teke ule mtungi. Usimwambie. Nataka hasira ya kweli."

Nilijua ni vibaya. Nilijua, mwanangu! Mimi mtoto wa Turkana, nisijue maji yanavyotafutwa? Lakini nilitaka kuwa nyota. Nikapiga teke.

Mchanga ukayanywa maji yote kabla mama hajainama. Mwelekezi akapiga makofi. Mama hakupiga kelele. Alinitazama, akauliza polepole, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nikamtajia baba yangu.

"Basi, mtoto wa fulani, wewe unaigiza. Kiu ya wajukuu wangu nayo inaigiza?"

"Leteni mtungi mwingine, turudie!" mwelekezi akaita. Turudie! Kana kwamba maji hutoka mfukoni. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nikavua mavazi yao, nikamtupia mwelekezi miguuni. Nikauokota mtungi wa mama, nikashuka mtoni huku mwelekezi akinitukana nyuma yangu. Nilichimba mpaka kucha zikatoka damu. Mama aliyapokea maji bila kunishukuru, wala sikustahili shukrani.

Nafasi yangu wakampa mwingine, lakini lile teke walilibakiza katika filamu. Mguu ni wangu. Lilipoonyeshwa, watu wa Lodwar walicheka. Mimi nilitoka nje.

Sasa wewe umeitwa kuigiza. Nenda, ni kazi nzuri, hata mimi niliirudia baadaye. Ila ukiambiwa umuumize mnyonge ili picha ipendeze, kataa papo hapo, usingoje kujuta kama mimi. Heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mungu wetu, Akuj, akupe kipaji na ulimi usioogopa wakubwa, na popote uendapo, wazee wakupokee kama mtoto wao.